Selestina Hakuua Mtoto

Selestina hakuua mtoto. Naanza na hilo kabla sijasema alizaliwa wapi, kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kutikisa vichwa. Hakuua mtoto, hakuwa mlevi, na hakutubu, maana hakuwa na la kutubia. Alikuwa mkunga. Na mimi, Beda, niliyetangaza kwenye gari la sinema kwa miaka tisa, ndiye niliyeshika kipaza sauti kilichomharibia jina. Kwa hiyo hasira nitakayoiweka hapa, sehemu yake naistahili mwenyewe. Iliyobaki ina wenyewe.

Alizaliwa mlimani, juu ya mji wa Kilosa, katika kitongoji cha nyumba kumi na moja, Wasagara watupu. Aliolewa na Makarius, mfanyakazi wa reli, mtu mpole aliyerudi nyumbani kila Jumamosi akinuka mafuta ya garimoshi. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu wa mume walisema wanayosema ndugu wa mume, na Makarius akawajibu kwamba atakayemletea mke wa pili ajiandae kumlisha mwenyewe. Ukunga Selestina alifundishwa na mama mkwe wake, na ndiyo maana hata leo sikubali mtu aniambie kwamba mwanamke asiyezaa hajui uchungu wa mwenzake. Mwezi wa Uhuru, Desemba ya mwaka sitini na moja, alipokea watoto saba. Watatu waliitwa Uhuru, mmoja wao wa kike. Makarius alifariki miaka mitatu baadaye, Selestina akabaki na jembe lake, mbuzi wawili, na vijia vilivyokuja mlangoni kwake kutoka kila upande wa mlima.

Jambo la pili alilolijua ni utani. Ukoo wao una watani wake tangu enzi za mababu, na mtani akifiwa lazima uende. Unachota maji, unapasua kuni, lakini pia unamwiga marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyomwita mkewe chumvi ikipungua. Kaburi likiwa tayari, mtani hushuka humo na kulala chali. Hatoki mpaka apewe haki yake, kuku au chochote atakachokitaka, na wafiwa hawawezi kuendelea na mazishi mpaka aseme ameridhika. Hakuna mtoto kwetu asiyeujua mchezo huo. Sijawahi kumwona mtu akikimbia kutoka makaburini akipiga kelele kwamba wamekufa wawili.

Mwaka sitini na nane walikuja watu wa picha kutoka Dar es Salaam, wawili, na kamera yao ya miguu mitatu, nami nikapewa kazi ya kuwaongoza. Walitaka mwanamke wa kuigiza katika picha ya kilimo. Siku tatu tulihangaika. Kila mwanamke tuliyemwelekezea kamera alisimama wima kama anayepimwa urefu. Siku ya nne tukapita penye msiba, tukamkuta Selestina amevaa koti la marehemu, anawakaripia mbuzi kwa sauti ya marehemu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Yule mkubwa wa picha akanishika mkono.

"Huyo," akasema.

Picha ya kwanza iliitwa *Mavuno ya Wote*. Humo Selestina alikuwa mkulima hodari anayewahamasisha wenzake kulima shamba la pamoja. Ya pili ilipigwa miaka miwili baadaye kule Mikumi, kandokando ya barabara ya Iringa, pale malori yanaposimama. Hiyo iliitwa *Pombe na Jembe*, na humo alikuwa mke anayeacha palizi na kushinda kilabuni. Ya tatu ilipigwa mwaka sabini na mbili, *Maji ya Mtoni*. Mama hachemshi maji, mtoto anahara, mtoto anakufa, mama anajigaragaza chini. Nataka mjue mambo mawili. Pombe aliyokunywa Mikumi ilikuwa togwa, uji mtamu usiolevya hata mtoto. Niliinunua mimi mwenyewe kwa mama mmoja aliyekuwa akiwauzia utingo, na ilikuwa tamu mno mpaka Selestina akaomba maji. Na yule mtoto "aliyekufa" alikuwa Theodory, mtoto wa Fausta, binti wa dada yake Selestina. Alikuwa na miezi minane, ameshiba maziwa, amelala fofofo. Tulipomaliza alizinduka akacheua kwenye mkono wa mpiga picha.

Picha zetu hazikuwa na sauti. Sauti ilikuwa mimi. Ofisi ilinipa karatasi ya maelezo, na juu kabisa pameandikwa kwamba wahusika watajwe kwa majina yao wenyewe, ili mwananchi ajione. Mtu aliyeandika hayo nadhani hajawahi kuishi mahali ambapo jirani anajua idadi ya kuku wako. Lakini nilikuwa kijana, nina suruali ya ofisi na kipaza sauti, na sikuuliza. Katika picha zote tatu nilitamka waziwazi: "Huyu ni Selestina. Selestina analima. Selestina amelewa. Selestina hakuchemsha maji, ona sasa." Hilo "ona sasa" halikuwamo katika karatasi. Niliongeza mwenyewe, kwa mbwembwe.

Baada ya kila onyesho nilitakiwa kuuliza watazamaji kumi maoni yao na kuyaandika katika daftari. Ofisi ilitaka kujua kama wananchi wamejifunza kitu. Daftari hilo ninalo mpaka leo, nilikataa kulirudisha, na nikilifungua hasira inanirudia.

Mjini Kilosa, pale Mabwerebwere, waliziona picha kwa mpangilio wake. Ya kwanza ilipoonyeshwa walisema, "Mwanamke huyu ni mfano wa kuigwa." Mzee mmoja aliniuliza kama ameolewa, akaniambia ana mbuzi sita. Ya pili ilipokuja, watu walewale wakasema, "Sifa zimemlevya. Tulijua." Walijua nini? Ya tatu ilipokuja hapakuwa na aliyetaja maji. Watu kumi niliwauliza na hakuna hata mmoja aliyesema atachemsha maji. Wote walisema juu yake. "Alianza vizuri, akaingia ulevini, sasa ameua mtoto. Serikali imemchukulia hatua gani?" Nimenakili kama ilivyo. Aliyesema hivyo alikuwa mtu mwenye akili zake timamu, ana duka la chumvi na mafuta ya taa.

Zombo ilikuwa kinyume. Bati lenye mkanda wa picha ya kwanza lilikuwa limeazimwa na gari la wilaya nyingine, na kampeni ya afya ilikuwa ya haraka, kwa hiyo Zombo walianza na mtoto aliyekufa. Miezi minne baadaye tukawapelekea ya ulevi. Mwisho kabisa, bati liliporudi, wakamwona anainua jembe na kuwaongoza wenzake. Wakashangilia! Wanawake walipiga vigelegele. "Alifiwa, akazama kwenye pombe kwa majonzi, sasa ameinuka," mama mmoja aliniambia huku anafuta macho. "Andika kwamba Zombo tumemsamehe." Nami nikaandika. Mikumi wao waliiona ya pombe tu, mara mbili, kwa sababu ilipigwa kwao na walipenda kuona malori. Huko Selestina alikuwa mlevi, mwanzo na mwisho.

Maoni ya maana niliyapata siku moja tu, kwenye tambarare za kuelekea Mikumi, mfugaji mmoja aliposimamisha ng'ombe wake kutazama ile ya maji. Aliitwa Kisioki. Nilimuuliza amejifunza nini.

"Mto ule nimeuona," akasema. "Ndio huohuo wa kunywa watu na ng'ombe. Mama yule hana kosa. Nani alitakiwa kuchimba kisima?"

Niliporudisha taarifa niliambiwa maoni yale hayahusiani na picha, niyafute. Niliyapiga mstari, lakini yanasomeka.

Selestina mwenyewe, kule mlimani, alikuwa anacheka. Nilipompitia na kumwamkia, "Shikamoo, dada," aliitika marahaba na kuniuliza, "Mwezi huu nimekufa au nimelewa, mdogo wangu?" Wa kwao walimjua. Walijua koti la marehemu, walijua mikono iliyowatoa watoto wao. Picha ilikuwa utani mwingine tu, mkubwa zaidi, wenye taa.

Halafu ikaja Operesheni ya Vijiji, mwaka sabini na nne. Sitasema mengi juu ya hiyo; waliohamishwa wanajua na waliohamisha wanajua. Nyumba kumi na moja za mlimani zilishushwa na kutawanywa. Selestina, Fausta na Theodory wakapangiwa kijiji kipya bondeni, upande wa Zombo, kikaitwa Juhudi. Kijijini humo walichanganywa watu wa viunga vya Kilosa, watu wa Zombo, na familia zilizotolewa pembezoni mwa Mikumi. Hapakuwa na hata nyumba mbili zilizomjua Selestina kwa miaka. Lakini wote walikuwa wanamjua. Siku ya kwanza aliposhuka kwenye lori na godoro lake kichwani, wanawake wawili wa Kilosa waliwavuta watoto wao nyuma ya sketi.

Hapo akaacha kucheka.

Mwaka uliofuata ilikuja barua kutoka wilayani. Kila kijiji kichague mtu mmoja aende kusomea uhudumu wa afya kwa miezi sita, arudi na cheti na sanduku la dawa. Selestina alinisubiri barabarani siku gari letu lilipofika, mkono juu ya macho kujikinga na jua. Sijawahi kumwona ametaka kitu namna ile.

"Beda," aliniambia, "wanawake wawili wamenifia mikononi. Wote kwa damu. Mtoto ametoka salama, kondo limetoka, damu haikatiki. Nesi wa Kilosa ameniambia ipo sindano inayoizuia. Ipo, Beda! Miaka yote hii ipo, na mimi nilikuwa nabana kwa khanga. Nataka wanifundishe sindano hiyo."

Nilimwambia hakuna mwingine wa kuchaguliwa. Mjinga mimi.

Mkutano ulifanyika asubuhi, uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Filipo, mtu wa Zombo, si mbaya, ila aliogopa kelele. Majina yaliletwa mawili: Selestina, na Magreti, msichana wa darasa la saba, mwenye haya, asiyeweza kutazama kuku akichinjwa. Filipo alipouliza kama kuna neno, alisimama Mzee Simoni wa upande wa Kilosa. Ukoo wa Simoni na wa Selestina ni watani, kwa hiyo alipomnyooshea kidole na kusema, "Huyu aliyemuua mtoto wake ndiye atupokelee wetu?", Selestina aliangua kicheko na kumrudishia, "Na wewe uliyezaliwa mzee nani alikupokea?" Baadhi ya watu walicheka. Simoni hakucheka. Ndipo nilipouona uso wa Selestina ukibadilika, alipotambua kwamba mtani wake hatanii.

"Tumeona kwa macho yetu," Simoni akasema. "Siyo habari ya kuambiwa. Mtoto alikufa, na huyu Beda alitutangazia kwa sauti. Beda, uongo?"

Kijiji kizima kikanigeukia. Nilisimama nikasema ilikuwa maigizo, kwamba togwa niliinunua mimi, kwamba jina lilitoka ofisini. Niliongea vibaya, kwa pupa, na nikasikia mtu wa Mikumi akisema, "Anamtetea, labda wanajuana." Hapo ndipo Fausta alipopita katikati ya watu na Theodory mgongoni, miaka mitatu, mzito, akamshusha kwenye meza ya mwenyekiti.

"Huyu hapa marehemu," akasema. "Mshikeni."

Mama mmoja alimsogelea akamtazama kwa makini, akamgeuza kichwa huku na huku. Kisha akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Huyu ni mwingine. Yule alikuwa mdogo."

Yule alikuwa mdogo! Nani amewahi kuona mtoto wa miezi minane anabaki wa miezi minane? Nilitaka kupiga meza. Lakini uwanja mzima ulikuwa unakubali kwa kichwa, na watu wa Zombo nao wakainuka kumtetea, na utetezi wao ukawa mbaya kuliko shutuma. "Ndiyo, aliua, lakini ametubu," walisema. "Tulimwona akilima. Mkosaji akitubu apewe nafasi." Wa Kilosa wakajibu kwamba alilima kwanza ndipo akaharibika. Wa Zombo wakasema hapana, aliharibika kwanza. Wakabishana saa nzima juu ya kipi kilitangulia katika maisha ya mwanamke aliyekaa mbele yao, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nilikuwepo, na niliona likiharibika.

Filipo alimwinamia Selestina, akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Dada, Zombo tuko wengi. Simama useme tu kwamba ulikosa na umejirudi. Watapiga makofi, tutafunga mkutano. Utakwenda kusoma."

Ningekuwa mimi ningesema. Nakiri. Ningesema nimeua kumi, mradi nipate sindano. Selestina alisimama, akafunga khanga vizuri.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mimi sikujaliwa kuzaa. Mungu anajua nilivyolilia hilo, na mume wangu alijua. Leo mnanipa mtoto na kuniambia nimemuua. Sitaki kusamehewa kosa nisilolifanya. Nikikubali kwamba niliua, mwanamke gani ataniita akiwa peke yake na uchungu?"

Akakaa. Mikono ikahesabiwa. Magreti alishinda, naye akalia kwa hofu. Jina lilikuwa lipelekwe wilayani mwisho wa mwezi.

Siku tisa baadaye Mzee Simoni alishikwa na homa na kufariki. Gari letu ndilo lililobeba mbao za jeneza kutoka mjini, kwa hiyo nilikuwepo. Fausta aliniambia kwamba wanawake walimshauri Selestina asiende msibani, yasije yakasemwa mengine. Alijibu kwamba mtani hachagui. Tangu asubuhi alikuwa anachota maji. Saa sita mchana, jeneza likiwa limewekwa kwenye kivuli na kaburi limechimbwa, alichukua kofia ya Simoni, akaivaa, akaanza kutembea kama Simoni, bega moja juu, kidole mbele.

"Tumeona kwa macho yetu!" akasema kwa sauti yake hasa, ile ya puani.

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Elizabeti, mjane, alicheka mpaka akashikwa asianguke. Selestina akazunguka kaburi mara moja, akashuka, akalala chali, akakunja mikono kifuani na kufumba macho. Katekista alifunga kitabu na kutazama pembeni kama wanavyofanya makatekista wenye busara mahali penye watani. Elizabeti akaleta kuku jike mweupe.

"Toka, mtani," akasema. "Jua kali."

"Sitoki."

"Mwongezeeni jogoo!" akapaza sauti mtu.

"Kuku sitaki, jogoo sitaki," ikajibu sauti kutoka chini. "Nina swali. Mimi hapa nimekufa?"

Wakacheka tena. "Hujafa!"

"Mmejuaje? Nimelala kaburini. Macho nimefumba. Si mnaniona kwa macho yenu?"

"Unaigiza, mtani! Tunakujua!"

"Ahaa. Mnajua kuigiza." Sauti haikuwa ya Simoni tena, ilikuwa yake. "Na mtoto wa Fausta alikufa?"

Kicheko kilikatika. Nilisikia jogoo waliyemleta akipapatika miguuni mwa mtu. Selestina hakufumbua macho. Filipo alisogea ukingoni, akafuta jasho.

"Ndugu Selestina, mambo ya mkutano tuyaache mkutanoni."

"Mtani hana mkutano. Nataka haki yangu. Haki yangu ni jibu. Nikilipata natoka."

Sasa walikwama, na walijua wamekwama. Kumtoa mtani kwa nguvu hakuna aliyethubutu. Maiti ya Simoni ingelala juu ya ardhi na laana ingebaki kwa watoto wake. Jua lilikuwa la utosini. Wanaume walitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme neno ambalo wote walikuwa wanalijua. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Walikuwa wanalijua! Mkutanoni waliona haya kuonekana wajinga, wakachagua kuwa wakatili. Nilitaka nijibu mimi, nikafungua mdomo, Fausta akanikanyaga mguu. Jibu langu halikuwa na thamani. Nilikuwa nimekwisha kusema yangu kwa kipaza sauti.

Aliyejibu ni Elizabeti. Alipiga magoti kwenye udongo uliofukuliwa, na kuku bado mkononi.

"Hakufa," akasema. "Yule pale amekaa, anatafuna muhogo. Mume wangu alisema neno zito, na mimi nilinyoosha mkono pamoja naye. Hukuua mtu, mtani wangu. Sasa nipe nafasi nimzike mume wangu."

Selestina alifumbua macho. "Wengine je?"

"Hakufa," wakasema wengine, mmojammoja, wanaume wakitazama viatu vyao. "Hakufa." Yule mama aliyemgeuza mtoto kichwa alisema mara mbili. Filipo, alipoona upepo umegeuka, alipata ushujaa. Akatangaza palepale kwamba jina bado halijapelekwa wilayani, na kwamba Magreti mwenyewe alikuja kwake akilia asipelekwe. Akauliza kama kuna anayepinga Selestina aende. Hakuna aliyenyoosha mkono. Magreti alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

Nilimpa Selestina mkono, akapanda. Mgongo wote ulikuwa udongo mwekundu. Alimpokea Elizabeti kuku, akamshika bega, akamwambia, "Pole, mtani. Mwite katekista." Vijana walisogea na kamba. Nilikuwa na machozi, sioni haya kusema, nikawa nafikiria sindano ile na khanga zote zilizolowa damu bure.

Ndipo nyuma yangu mzee mmoja wa Mikumi akamwinamia mwenzake, akanong'ona kama wanavyonong'ona viziwi, watu wote makaburini wakasikia.

"Basi mtoto hakufa, sawa. Lakini pombe alikunywa. Hiyo tuliiona."

Selestina alisimama. Alimkabidhi Fausta yule kuku, akakaza khanga kiunoni, akashuka tena kaburini.